Juu ya Kuwabana Vijana Wetu Katika Malezi

  

Nimetakiwa na jumuiya niseme juu ya malezi ya vijana. Nilidhani ni jambo jepesi kwangu, kwa kuwa nimesomesha chuoni muda mrefu. Kisha nikatazama nyumbani kwangu, nikaona haya.

Sikusudii kumsema baba asiyejali. Huyo tumemsema sana katika mimbari zetu. Nataka kumsema yule anayejali hata akapita mpaka: apekuaye mifuko ya mwanawe, amchaguliaye rafiki na nguo na maneno, asiyekubali kuulizwa sababu, na ambaye mwana akikosea kidogo humnunia juma zima. Mtu huyu tumezoea kumsifu. Twasema, "Nyumba ya fulani ina adabu." Pengine ina kimya tu.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwanangu alipofika miaka 15 nilimkataza kwenda ziwani na wenzake, nikamkataza mpira, na simu yake nikawa naichukua kila usiku nikisoma kila kilichoandikwa ndani yake. Sikumwona na kosa lolote kubwa. Nilikuwa naogopa tu, kama tuogopavyo sote hapa Buyenzi. Mwaka ule ule akaanza kukataa chakula. Usiku halali, asubuhi haamki, na aya alizozihifadhi tangu utotoni zikaanza kumpotea. Mama yake alisema kijana anaumwa. Mimi nikasema ni mvivu, nikazidisha ukali. Mwishowe ikadhihiri kwamba alikuwa na simu ya pili, ameificha kwa rafiki yake. Miezi minane nilikuwa nasoma simu ambayo mwenyewe alijua kwamba naisoma!

Nikarejea vitabuni. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeikamilisha Mukadima yake mwaka 1377, ana mlango maalumu juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi. Maana ya maneno yake ni kwamba mtoto anayelelewa kwa kulazimishwa roho yake husongeka, uchangamfu humtoka, naye huingia katika uongo na hila kwa kuuogopa mkono ulio juu yake, hata hila ikawa ndiyo tabia yake. Niliyasoma hayo nikiwa kijana. Sikudhani kwamba siku moja yatanihusu mimi mwenye mkono.

Wataalamu wa zama zetu wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1966 bibi Diana Baumrind wa Marekani alimpambanua mzazi wa amri tupu, mzazi mlegevu, na mzazi mwenye msimamo ambaye hata hivyo hueleza sababu na husikiliza jibu. Mwaka 1996 Brian Barber naye alitofautisha kuongoza matendo ya mtoto na kuutawala moyo wake, yaani kumtwisha hatia na kumnyima mapenzi ili atii. Uchunguzi mwingi umeona kwamba kutawaliwa moyo huku huenda pamoja na huzuni nzito na wasiwasi kwa vijana. Sisemi kwamba kila kijana mwenye huzuni amebanwa na wazazi wake. Huzuni ina milango mingi, na nyingine yataka tabibu, wala si aibu kumpeleka.

Lililonishangaza zaidi latoka Uswidi. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya vijana wa miaka 14 na wazazi wao. Waliuliza: mzazi ajuaye habari za mwanawe, amezipata wapi? Ikaonekana kwamba amezipata zaidi kwa mtoto mwenyewe, aliyesema kwa hiari yake, kuliko kwa kumpeleleza. Basi mimi katika kupeleleza nilikuwa naukausha mto ule ule niliotaka kuteka maji.

Na tumtazame Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake. Amri aliyopewa ilikuwa ya Mola wake, haikuwa na shauri. Hata hivyo alimweleza mwanawe na akamwuliza rai yake. Mimi na jambo la mpira ni nani nisimwulize wangu?

Mzee mmoja ataniambia: je, tuwaachilie? La. Sala ni sala, na saa ya kurudi nyumbani ni saa. Lakini saa hiyo yaweza kuelezwa sababu yake, na kijana aliyechelewa aweza kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Kadhi hufanya hivyo hata kwa mwizi.

Nilimrudishia mwanangu simu yake, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Halikuwa jambo jepesi kwa mtu wa kilemba. Wala hakunikumbatia, alinitazama kama atazamaye mtego. Tulikaa hivyo majuma mengi. Usiku mmoja tukirudi kutoka sala ya Isha, akaniambia bila ya kuulizwa kwamba mwalimu wao wa hesabu amehamishwa, na kwamba yeye amesikitika. Nikajizuia nisimpe wasia wowote. Tulipofika mlangoni alikuwa bado anasema.