Kompyuta Kuukuu: Soma Kwanza, Nunua Baadaye

(Mazungumzo na wanakikundi wa akiba na mikopo, Mgeta, Morogoro)

 

Mmetuita tuzungumze juu ya kompyuta ya ofisi yenu. Mnasema ni ya mtumba, na sasa imekuwa nzito. Katibu akiiwasha asubuhi anakwenda kunywa chai, anarudi, bado haijawa tayari. Akifungua orodha ya wanachama, inaganda. Baadhi yenu mnasema itupwe, inunuliwe mpya. Wengine mnasema iongezwe kumbukumbu. Fedha zinazozungumzwa ni za kabichi, njegere na maharage yenu. Ndizo hizo hizo za kukopeshana mbolea msimu ujao. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Sisi tunaotengeneza kompyuta hizi tunawaambia hivi: msinunue kitu kabla ya kusoma. Kusoma mnajua. Kisomo kinachosaidia kupima uzito wa gunia sokoni kinaweza pia kusaidia ndani ya kompyuta. Mnunuzi anayesoma ni vigumu kupunjwa.

Chombo usichokijua kinakula mali

Hebu tuanze na nchi yetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Baadaye zilifanywa juhudi za kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta. Kazi haikwenda vizuri. Wataalamu wa nchini walikuwa wachache, na mitambo na programu havikuchaguliwa vema. Fedha nyingi za umma zikapotea. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Baadaye marufuku hiyo ililegezwa, na leo kompyuta zinauzwa mpaka madukani Morogoro mjini. Lakini funzo lake halijapitwa na wakati.

Sasa tazameni jambo la pili, la hapa hapa kwenu. Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilileta huku Mgeta mbuzi wa maziwa kutoka Norway. Je, walitoa maziwa kwa sababu tu wametoka nje? Hapana. Wafugaji walijifunza banda, majani na dawa. Chombo kigeni kinafaa pale wenyewe mnapokijua.

Kumbukumbu ni nini?

Kompyuta ina sehemu mbili za kuwekea mambo. Ya kwanza ni diski. Diski ni ghala. Majina ya wanachama na hesabu za mikopo hulala humo, hata umeme ukizimwa. Ya pili ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mafundi huiita ramu. Hii ni kama mkeka wa kuchagulia maharage. Unatoa maharage ghalani, unayamwaga mkekani, unachagua, unarudisha. Umeme ukizimika, kilichokuwa mkekani na hakijarudishwa ghalani kinapotea.

Mkeka ukiwa mdogo itakuwaje? Utamwaga kidogo, utachagua, utarudi ghalani, utamwaga tena. Siku nzima ni kwenda na kurudi. Ndivyo kompyuta inavyokuwa nzito. Tukiongeza kumbukumbu, tunatandika mkeka mkubwa zaidi. Ghala ni lile lile, mchaguaji ni yule yule, ila safari zinapungua.

Ukubwa wa mkeka huu hupimwa kwa gigabaiti. Kwa kifupi huandikwa GB. Kompyuta nyingi za mezani za karibu mwaka 2008 huja na GB 1 au GB 2. Kwa barua na orodha za wanachama, GB 4 zinatosha kufanya kazi bila kuudhika.

Pimeni ugonjwa kwanza

Mgonjwa wa homa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Kabla ya yote, nakilini hesabu zote mahali pengine. Na daftari la karatasi liendelee kuandikwa. Kisha pimeni hivi:

1. Je, mkeka umejaa kweli? Kompyuta ikiwa kazini, bonyeza kwa pamoja vibonye Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litafunguka. Tafuta neno Memory, maana yake kumbukumbu. Ukiona asilimia 90 au zaidi, mkeka umejaa. Ukiona asilimia 50, kuongeza hakutasaidia sana. Ugonjwa uko kwingine.

2. Je, saa inarudi nyuma? Ndani kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, imeandikwa CR2032. Ikiisha, kompyuta inasahau tarehe kila ikichomolewa. Hapo mkopo wa mwaka huu unaweza kuandikwa mwaka wa nyuma sana, na mwanachama akaonekana ana deni lisilo lake. Betri hii ni kitu cha bei ndogo, lakini ikiachwa inaleta ugomvi mkubwa.

3. Je, diski inakwaruza au inagonga? Basi ghala linabomoka. Msingoje. Nakilini hesabu siku hiyo hiyo, kisha tafuteni diski nyingine.

4. Je, kuna vikopo vidogo vilivyovimba juu ya ubao mkuu, au vinavyovuja? Ubao huo unakaribia kufa. Msiutilie fedha.

5. Je, kuna vumbi na kutu? Huku milimani ukungu haukauki upesi. Unyevu unashika meno ya kibao cha kumbukumbu, na kompyuta inakataa kuwaka au inalia tititi. Mara nyingi dawa ni kuchomoa kibao, kusugua meno yake taratibu kwa raba ya kufutia penseli, kupangusa kwa kitambaa kikavu, na kurudisha. Msitumie msasa.

Someni lebo

Mkishajua kwamba mkeka ndio mdogo, chomoeni kibao kimoja mwende nacho dukani. Kina lebo. Huenda imeandikwa hivi: 2GB PC3-10600U.

2GB ni ukubwa wa mkeka.

PC3 ni kizazi chake. Hapa ndipo wengi wanapotupa fedha. Kuna PC2, PC3 na PC4. Mafundi huita DDR2, DDR3 na DDR4. Hazichanganyiki. PC2 na PC3 zina urefu mmoja na meno 240 kila moja, lakini pengo lililo katikati ya meno haliko mahali pamoja. Hata umeme wake si mmoja: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Ukiona kibao hakiingii, usikigonge. Si chake.

10600 ni namba ya mwendo. Tafuteni inayofanana.

Herufi U ni ya kompyuta za kawaida za mezani. Ukiona R, hiyo ni ya kompyuta kubwa za kuhudumia nyingine. Huuzwa rahisi, lakini kwenu haitafanya kazi. Ukiona S, ni ya kompyuta mpakato, nayo ni fupi, karibu nusu ya hii.

Tena ulizeni: ubao mkuu unapokea GB ngapi kwa jumla? Ubao wa mwisho GB 4 hauwezi kushibishwa GB 8. Vilevile programu za aina ya biti 32 kwa kawaida hazitumii zaidi ya GB 4. Kinachozidi ni mkeka unaokaa umekunjwa.

Kukipachika

Zimeni kompyuta. Chomoeni waya wa umeme ukutani. Bonyezeni kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha, maana mwili wa mtu una umeme mdogo unaoweza kuua kibao bila hata kuusikia. Fungua vishikizo viwili. Linganisha pengo na kijino kilicho ndani ya mfereji. Kandamiza pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Shika kibao kwa kingo, si kwa meno.

Kisanduku cha kuingizia umeme msikifungue kamwe. Kinaweza kubaki na umeme wa kuua mtu hata baada ya kuchomolewa.

Kumbukumbu isichoweza

Lazima tuwe wakweli. Kumbukumbu haizuii radi. Mvua ya ngurumo ikianza, chomoeni. Tena kumbukumbu haifanyi programu kuukuu iwe mpya. Watengenezaji wa Windows 7 waliacha kuipa kinga za bure Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Kompyuta ya hesabu yenye programu za namna hiyo ni heri isiunganishwe na intaneti. Au iwekewe Linux, programu isiyolipiwa ambayo aina zake nyingine hukubali kompyuta za zamani. Na msidhani programu ni za Kizungu tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice.

Na ikifa kabisa? Msiichome moto, wala msiitupe bondeni. Risasi iliyotumika kuunganishia vyuma kwenye mbao za zamani, na iliyomo kwenye vioo vizito vya zamani, ni sumu. Maji ya milima ya Uluguru hushuka Mto Ruvu, na Dar es Salaam hunywa hayo. Toeni vibao vizima viwafae wenzenu, mabaki mpeleke mjini kwa wanaoyapokea kwa usalama.

Ndugu, kompyuta yenu tumeifungua mbele yenu. Vikopo havijavimba. Diski haikwaruzi. Betri imekwisha. Ina GB 1, mifereji miwili iko wazi, na lebo inasema PC2. Katibu ameisoma mwenyewe kwa sauti. Sisi ni mafundi tu. Uamuzi ni wa mkutano wenu, na sasa mnaamua kwa kujua.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ghala la kompyuta ni lipi, na mkeka ni upi?
2. Kwa nini betri iliyokwisha inaweza kuleta ugomvi wa madeni?
3. Kibao kilichoandikwa PC3 kitafaa kompyuta ya ofisi hii? Kwa nini?
4. Nani katika kikundi chenu atajifunza kufungua kompyuta, ili asiwe katibu peke yake?