Ghala Lisilofunguliwa: Hewa Ukaa Chini ya Ardhi na Vyama Vyetu

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama, Ifakara



Katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha mpunga, nilikokwenda kusoma taarifa ya ukaguzi, mzee mmoja alisimama akauliza: "Bwana Mkaguzi, hawa wanaonunua hewa na kuizika ardhini, wakiizika shambani kwangu, mpunga utaota?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana juu ya meza ya katibu palikuwa na rasimu ya mkataba wa miaka 30, na katika wajumbe wa bodi hakuna aliyeweza kunieleza kinachouzwa ni kitu gani. Leo nimepewa nafasi ya kumjibu mzee yule kwa kirefu.

Hewa ukaa ni ile tuitoayo puani, na ndiyo itokayo katika kuni, mkaa na mafuta yanapoungua. Ikizidi angani huzuia joto la dunia lisitoke. Wataalamu wa nchi zenye viwanda wametafuta njia ya kuinasa kabla haijapanda juu. Huitenga na moshi wa kiwanda, huishindilia mpaka ikawa nzito karibu na majimaji, kisha huisukuma kisimani kwenda chini zaidi ya mita 800. Huko haikai katika pango, kama wengi wadhanivyo. Hukaa katika vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga, mfano wa maji ndani ya sponji, na juu yake sharti uwepo mwamba mwingine usiopitisha kitu, uwe kifuniko.

Jambo hili si ndoto. Nchini Norway wamekuwa wakifanya hivyo chini ya bahari, mahali paitwapo Sleipner, tangu mwaka 1996. Huko Iceland huichanganya na maji na kuisukuma katika mawe ya volkano, na katika majaribio yao sehemu kubwa iligeuka jiwe katika muda usiozidi miaka miwili. Jirani zetu wa Kenya nao wana mawe ya aina hiyo katika Bonde la Ufa. Kampuni ya Octavia Carbon ya Nairobi, ikishirikiana na kampuni iitwayo Cella, imejitayarisha kuinasa hewa hiyo kutoka angani na kuizika huko, ikitumia nguvu ya joto la ardhini.

Hata hivyo tusidanganyike kwa ukubwa wa habari. Dunia nzima hunasa kiasi cha tani milioni 50 kwa mwaka, na dunia hiyo hiyo hutoa tani zaidi ya bilioni 37 kutokana na nishati peke yake. Kizuizi kikubwa ni gharama, hasa pale hewa inaponaswa kutoka angani, ambako tani moja hugharimu mamia ya dola.

Na hapa kwetu? Ardhi ya Tanzania inajua kutunza gesi. Ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, ilikaa chini ya kifuniko cha mwamba kwa mamilioni ya miaka. Lakini ardhi hiyo hiyo inajua pia kuitoa. Kule Rungwe, eneo la Kyejo, hewa ukaa hupanda yenyewe kutoka chini, na kampuni ya TOL Gases huivuna na kuviuzia viwanda vya soda. Wenzetu wanalipa kuishusha, sisi tunalipwa kuipandisha!

Bonde letu la Kilombero ni bonde la ufa. Baadhi yenu mnakumbuka kampuni ya Swala, iliyopewa leseni ya kutafuta mafuta Kilosa na Kilombero mwaka 2012, ikapima ardhi kwa mitetemo. Upimaji wa namna hiyo ndio huonyesha palipo na nyufa, na penye nyufa huwezi kuahidi kifuniko. Isitoshe, tangu mwaka 2002 bonde hili ni ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Sehemu moja tu naiona yenye matumaini ya karibu, nayo ni kiwanda cha sukari cha Kilombero, ambako molasi ya miwa hugeuzwa spiriti. Uchachushaji hutoa hewa ukaa karibu safi, na kuinasa hapo ni rahisi kuliko katika moshi. Lakini kuisafirisha hadi kwenye mwamba unaofaa ni safari nyingine.

Basi mzee nilimjibu hivi: mpunga hauwezi kujua kilicho mita 800 chini. Hatari ni hewa hiyo kupanda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutambaa mabondeni. Mwaka 1986 ilibubujika kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Hiyo ilikuwa ya asili, haikuzikwa na mtu. Lakini huko Decatur, Marekani, kampuni ya ADM huizika hewa itokanayo na uchachushaji wa mahindi, na mwaka 2024 ilibainika kwamba sehemu yake ilipenya kupitia kisima cha uangalizi ikaingia katika tabaka lisiloruhusiwa. Kazi ya kusukuma ikasimamishwa. Haikudhuru mtu, ila imetuonyesha wapi pa kuuliza.

Ndugu makatibu, mnaifahamu stakabadhi ghalani. Mpunga hupimwa, mkulima hupewa stakabadhi, mnunuzi hulipa, huleta lori na kuchukua mzigo. Siku hiyo mtunza ghala amemaliza kazi. Katika hewa ukaa mnunuzi hulipa lakini mzigo hauchukui. Anakuachia, kwa sharti kwamba ghala lisifunguliwe. Katika kazi yangu nimekuta maghala yenye stakabadhi nyingi kuliko magunia, na hayo yalikuwa ya msimu mmoja tu.

Rasimu niliyoiona haikuhusu kisima hata kidogo. Ilihusu miti na udongo wa mashamba, ingawa maneno yake yalichanganya yote. Ghala la miti nalo huvuja, kwa moto na kwa shoka. Sisemi biashara hii ni mbaya. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimepata fedha za msitu wao na kujenga madarasa na zahanati. Na sasa zipo Kanuni za mwaka 2022, zilizorekebishwa mwaka 2023, pamoja na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mtu asiyetaka kupitia huko, mwulizeni sababu.

Kifungu kimoja cha rasimu kilitaka chama kirudishe malipo yote iwapo miti itaungua, hata katika mwaka wa 29. Hilo ni deni, hata kama halionekani katika mizania, na Mrajis hakuliweka katika ukomo wa madeni wa chama. Niliishauri bodi isitie sahihi. Ikamwandikia mnunuzi kuuliza nani atabeba hasara, na nani atakayelipia upimaji kila mwaka. Majibu hayajafika. Rasimu iko kabatini kwa katibu, bila muhuri.