Wenye Kiwanja Waulizwe Kwanza



Mada yangu ni kiwanja cha watoto. Huenda likaonekana jambo dogo katika kaunti ya Turkana inayopambana na ukame. Kwangu ni kubwa, kwa sababu tunavyokarabati kiwanja kilichochakaa katika kituo kama Kaikor, Turkana Kaskazini, ndivyo tutakavyojenga kisima, zahanati na barabara. Dai langu ni moja: jamii ishirikishwe kabla mchoro haujachorwa, na iwe na uwezo wa kuukataa.

Turkana tumeshalipia somo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kwa msaada wa Norway. Kilifanya kazi siku chache tu kikafungwa: gharama ya kugandisha samaki na kupata maji safi katika joto lile ilishinda faida. Nia njema ilikuwepo na fedha zilikuwepo. Waliokuwa wakiishi na jua lile, ziwa lile na mifugo yao hawakuwa ndio waamuzi.

Sasa tuitazame Kaikor. Mchoro unaotoka mbali huja na bembea za minyororo na mtelezo wa bati. Saa saba mchana bati hilo litamchoma mtoto mapaja. Mama wa Kaikor angeanza na kivuli: kwanza miti, bembea baadaye. Wazee wanajua laga, yaani mto wa msimu, ikifurika maji hupita wapi, na mbuzi hushika njia gani kwenda kunywa. Vijana wanajua mti wa mathenge umeenea wapi, na miiba yake inavyotoboa mpira na nyayo. Wasichana wanajua kwa nini hawachezi: saa ya mchezo ndiyo saa ya kuteka maji. Kiwanja kikisogezwa karibu na bomba, nao watapata nafasi. Maarifa haya hayamo katika ofisi yoyote ya mhandisi.

Waturkana tayari wana utaratibu wa kuamua. Chini ya mti wa wanaume wazee huketi juu ya ekicholong, kigoda chao cha mti, wakazungumza mpaka neno likubaliwe. Utaratibu huo uheshimiwe, ila peke yake hautoshi, kwani mama na mtoto hawasikiki pale. Kwa hiyo vikao viwe vitatu, cha wazee, cha akina mama na cha watoto wenyewe, vyote kwa Kiturkana, kisha makundi hayo yakutane na kupatana mbele ya mchoraji. Si hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika kifungu cha 12 na haki ya kucheza katika kifungu cha 31. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa.

Njia zipo. Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, na kampuni ya Mojang walianzisha mpango wa Block by Block, unaowapa wakazi mchezo wa kompyuta wa Minecraft ili wajenge kwenye skrini mahali wanapopatamani. Jaribio la kwanza lilihusu uwanja wa michezo Kibera. Baadaye njia hiyo ilitumika Kalobeyei, jirani na kambi ya Kakuma, kati ya wakimbizi na wenyeji. Kijana asiyesoma ramani aliweza kuonyesha anachotaka. Kaikor hata mchanga na vijiti vitatosha, mradi mpangaji awe tayari kubadilisha mchoro wake.

Yapo mawili ya kutosahau. La kwanza ni ardhi, kwani uwanja wa watoto unaweza kunyakuliwa. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoza machozi walipotetea uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatoa njia ya kusajili ardhi ya jamii. Kiwanja kitajwe mapema katika usajili huo. La pili ni matunzo. Bembea ikikatika, fundi wa kuchomelea wa hapo hapo aweze kuitengeneza. Kifaa kinachongoja kipuri kutoka Nairobi kisinunuliwe.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na baada yake utaandikwa mwingine. Nawaomba maafisa wa kaunti mlioko Lodwar mfike Kaikor na karatasi tupu, si mchoro uliokwisha kupigwa mhuri. Nanyi watu wa Kaikor, baraza la maoni likiitwa, nendeni na watoto wenu, na msitie sahihi kabla nao hawajasikilizwa.