Makato ya Mshahara Si Pesa za Kikundi

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwa waweka hazina na makarani wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa ili yasomwe kwa sauti katika mikutano ya vikundi.)



Leo hatukuja mbele yenu kama watu wasiokosa. Tumekuja kuwaeleza kosa letu wenyewe, ili ninyi msilirudie.

Kikundi chetu kina mashine ya kusaga unga. Tumeajiri watu wawili, kijana wa kusaga na mlinzi wa usiku. Mlinzi tulikuwa tunamlipa shilingi 12,000 kwa mwezi. Mwaka 2025, kuanzia Januari mpaka Julai, kila mwezi tulimkata shilingi 330 za bima ya afya. Kukata tulikata, lakini kupeleka hatukupeleka. Kila mwezi kulikuwa na sababu. Mara mkanda wa mashine umekatika, mara bili ya stima imepanda, mara mweka hazina yuko matangani. Tukawa tunasema, "Wacha, tutalipa zote pamoja."

Mwezi wa Agosti mke wa mlinzi akashikwa na uchungu usiku, ikabidi apasuliwe. Hospitalini wakaangalia kompyuta, wakasema michango haijalipwa. Baba wa watu akashangaa, maana kila mwezi anakatwa! Akauza mtamba wake mmoja aliyekuwa naye ili mama na mtoto watoke. Mtoto yuko, mama yuko, tunashukuru. Mtamba hayuko.

Sasa pigeni hesabu nasi. Shilingi 330 mara miezi 7 ni shilingi 2,310. Hizo ndizo pesa zilizomla mtamba. Na hazikuwa zetu. Tulikuwa tumeshikiwa tu.

Kikundi nacho ni mwajiri

Wengine wetu hufikiri sheria ya kazi ni ya makampuni makubwa ya Nairobi. Sivyo. Kikundi kikimlipa mtu mshahara, kikundi ni mwajiri. Hata kibarua wa siku, akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi. Kwa hiyo msiseme, "Huyu ni kibarua tu," na mtu amelinda mlango wenu mwaka mzima.

Mwanachama anayejitolea zamu yake bila malipo ni jambo lingine. Lakini hilo liandikwe katika daftari, lisiachwe hewani.

Hesabu ya msagaji wetu

Tuchukue daftari na kalamu. Hesabu hii tunaifanya kwa viwango vya mwaka 2025. Viwango hubadilika, kwa hiyo kila mwaka ulizeni upya kabla ya kukata.

Mshahara wa msingi: 20,000
Marupurupu ya nyumba: 3,000
Mshahara wa jumla: 23,000

Makato huhesabiwa kutoka kwa ile jumla:

NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6: 1,380
Bima ya afya (SHIF), asilimia 2.75: 632.50
Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 345
Makato yote: 2,357.50

Je, kodi ya mapato, hii tunayoita PAYE? Tangu mwisho wa Desemba 2024, makato haya matatu hutolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe kwa kinachobaki. Kwa msagaji hubaki shilingi 20,642.50. Kodi ya shilingi 24,000 za kwanza ni asilimia 10, kwa hiyo yeye angedaiwa 2,064.25. Lakini kila mlipa kodi anayeishi nchini hupewa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Nafuu imepita kodi, basi hakatwi PAYE hata senti. Anapeleka nyumbani shilingi 20,642.50.

Sasa kama kikundi chenu kina meneja wa shilingi 30,000 kwa jumla, mambo hubadilika. NSSF ni 1,800, bima ya afya 825, ushuru wa nyumba 450. Hubaki 26,925. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa 2,400. Zile 2,925 zilizozidi zinatozwa asilimia 25, yaani 731.25. Ukitoa nafuu ya 2,400, PAYE ni 731.25. Mkononi anapata 26,193.75.

Wazee wa hesabu wanakumbuka NSSF ikiwa shilingi 200 tu kwa kila mtu. Hiyo ilikwisha Februari 2023. Na NHIF nayo ilipisha SHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ambayo mchango wake haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kikundi kinachokata kwa mazoea ya zamani kinajiwekea deni.

Sehemu ya mwajiri

Hapa ndipo vikundi vingi huteleza. Kwa NSSF, mwajiri hutoa sawa na mfanyakazi. Kwa ushuru wa nyumba pia. Kwa hiyo msagaji wa shilingi 23,000 anatugharimu tena 1,380 na 345. Jumla ni 24,725. Fedha hizo 1,725 zitoke mfukoni mwa kikundi, siyo kwa msagaji. Mkipanga bajeti ya mashine, andikeni 24,725, msiandike 23,000 halafu mlie mwisho wa mwezi.

Tena, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi bima ya ajali. Mashine ya kusaga inaweza kukata kidole. Bima hiyo hailipwi kwa kumkata mfanyakazi.

Marupurupu si hisani

Mfanyakazi anastahili nyumba nzuri ya kutosha au pesa za kodi ya nyumba. Anastahili likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kila baada ya miezi 12. Mama akijifungua ana miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba ana wiki 2. Mtu akiwa amefanya kazi miezi 2 mfululizo kisha akaugua, akileta cheti cha daktari, analipwa angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu. Mlinzi wetu hakupata zile wiki 2. Tulimwambia arudi zamu usiku wa tatu. Hilo nalo ni kosa letu.

Na kuhusu kukopa mshahara kabla ya mwisho wa mwezi: makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima ibaki. Msagaji wa 23,000 asipokee chini ya shilingi 7,667, hata kama deni lake ni kubwa namna gani.

Mambo tunayofanya sasa

Kwanza, tukiajiri mtu tunamwambia mambo mawili, mshahara wa jumla na pesa atakazoshika mkononi. Ugomvi mwingi huanza pale mtu anapoambiwa elfu ishirini na tatu, halafu anahesabu elfu ishirini.

Pili, kila siku ya mshahara tunampa karatasi yenye jumla, kila kato na jina lake, na kilichobaki. Sheria inataka hivyo.

Tatu, makato na sehemu yetu yanapelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mweka hazina analeta risiti kwenye mkutano, na mfanyakazi mwenyewe anaziona. Hakuna mkanda wa mashine unaoweza kugusa pesa hizo.

Mlinzi tulimwita, tukamwomba msamaha mbele ya kikundi. Michango iliyobaki tulilipa. Gharama ya hospitali tunamrudishia kidogo kidogo. Bei ya mtamba bado hatujaifikia.

Jamani, mkirudi nyumbani fungueni daftari usiku huu huu. Kama kuna pesa mliyokata na hamjapeleka, pelekeni kabla mtu hajashikwa na uchungu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kikundi chetu kinamlipa nani? Tunayo makubaliano ya maandishi naye?
2. Mwezi uliopita tulikata nini, na risiti ziko wapi?
3. Sehemu ya mwajiri imo katika bajeti yetu?
4. Mfanyakazi wetu akiulizwa leo, anajua pesa zake ziko wapi?