MANENO YALIYOMO KATIKA MKATABA INGAWA HAYAKUANDIKWA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa genge la njia mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi si wakili. Nalisoma shule ya misheni mpaka darasa la 8, na tangu hapo mwalimu wangu amekuwa nyundo na kokoto. Lakini Katibu aliponiuliza kama naweza kusema juu ya mikataba ya kazi nalikubali upesi, kwa sababu kutojua jambo hili kulinipotezea fedha, na mtu hasahau upesi fedha zilizompotea.

Nianze na baisikeli. Mtu huenda dukani, hupatana bei, hutoa fedha, huondoka na baisikeli yake. Mwenye duka hakusema, "Naahidi ya kwamba hii si mali ya wizi." Mnunuzi naye hakuuliza. Lakini kesho akija mwenyewe pamoja na askari, baisikeli ikachukuliwa, je, mwenye duka aweza kujitetea kwamba yeye hakuahidi neno? Hawezi. Sheria ya kuuza bidhaa imekwisha kutia katika mapatano yao neno hili, ya kuwa muuzaji ana haki ya kuuza. Hawakulitamka, lakini limo.

Mkataba wa kazi ni vivyo hivyo. Yako maneno mliyopatana wewe na tajiri, na yako maneno ambayo sheria imeyatia yenyewe, mengine kwa faida yako na mengine kwa faida yake. Wengi wetu twatazama karatasi tu, na karatasi ikinyamaza twadhani hatuna kitu.

Mimi nalidhani hivyo. Mwaka 2013, kabla sijaingia kazi ya reli, nalifanya kazi kwa mwenye kandarasi mmoja, kubadili mataruma na kushindilia kokoto. Jina lake halina haja hapa. Kila asubuhi mnyapara alituita majina, akayaandika katika daftari, na jioni tukapewa fedha za siku. Karatasi ya mkataba haikuwapo. Nikaendelea hivyo miezi 11 mfululizo, jua na mvua. Siku moja mwaka 2014 mnyapara akafunga daftari, akasema, "Kesho msije." Nikamwuliza habari ya likizo. Akacheka, akasema, "Kibarua ana likizo gani? Umeandikiwa wapi?" Nikaona kama amesema kweli. Nikachukua koti langu nikaenda zangu.

Sasa sikilizeni sheria ilivyosema siku ile ile tulipokuwa tumesimama pale. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotazamiwa kwisha kwa jumla ya miezi 3, basi huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Hapana haja ya tajiri kukubali. Hapana haja ya wewe kuomba. Mwezi ukitimia, jambo limekuwa. Na mtu wa mshahara wa mwezi haambiwi, "Kesho usije." Hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi, au hulipwa mshahara wa siku hizo.

Tena likizo. Sheria hiyo yatoa siku za kazi zisizopungua 21 kwa kila miezi 12, kwa mshahara kamili. Aliyeachishwa kabla ya mwaka kutimia, lakini baada ya miezi 2 au zaidi, hupata siku moja na robo tatu kwa kila mwezi alioumaliza. Pigeni hesabu yangu: miezi 11 ni siku 19 na robo. Ongezeni siku 28 za notisi. Nalikwenda nyumbani nikiwa nimeacha mezani kwa yule bwana mshahara wa siku 47, wala sijataja siku ya kupumzika, maana sheria yataka siku moja katika kila siku 7 nasi hatukuiona.

Na lile swali lake, "Umeandikiwa wapi?", lilikuwa swali langu kumwuliza yeye! Kazi ya miezi 3 au zaidi yapasa kuwa na mkataba wa maandishi, na mwenye wajibu wa kuuandika ni tajiri, si mfanyi kazi. Asipouandika, na shauri likafika mahakamani, ni juu yake kuthibitisha masharti yalikuwa nini. Sisi tulikuwa tukiona haya kwa kosa lililokuwa lake.

Mambo haya nilikuja kuyajua mwaka 2018, katika semina ya chama. Nikamwendea mwalimu wa semina wakati wa chai, nikamweleza. Akaniuliza mwaka, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Madai ya mkataba wa kazi hupelekwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita. Wangu ulikuwa mwaka wa 4. Chai sikuimaliza.

Huenda mtu akauliza: je, kama nimetia sahihi karatasi isemayo kwamba sina likizo? Jibu ni kwamba masharti hayo ya Sheria ya Ajira ni kiwango cha chini. Ninyi wawili mwaweza kupatana zaidi ya hapo, hamwezi kupatana chini yake. Ukitia sahihi siku 10, sheria bado yahesabu 21. Lakini angalieni sana neno la nyumba. Sheria yataka tajiri akupe nyumba inayofaa au fedha za kutosha kodi. Hata hivyo yaruhusu kodi hiyo ichanganywe ndani ya mshahara, ikiwa mkataba au mapatano ya chama yasema hivyo. Neno moja dogo katika karatasi, "mshahara pamoja na nyumba", laweza kukuondolea dai lote. Hilo lisomeni kabla ya kutia sahihi, na asiyejua kusoma amwite anayejua.

Na mapatano ya chama nayo huingia vivyo hivyo. Chama na tajiri wakipatana, na mapatano yakaandikishwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, basi kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 masharti yake huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyi kazi anayehusika nayo, hata yule ambaye hakuja mkutanoni.

Sasa nifike upande ambao hatupendi kuusikia. Maneno mengine yasiyoandikwa yanatufunga sisi. Wajibu wa kufanya kazi kwa uangalifu, wajibu wa kutii amri iliyo halali, wajibu wa kuwa mwaminifu kwa mali ya kazi, haya yamo katika mkataba wa kila mtu hapa.

Huko Uingereza, mwaka 1949, dereva mmoja wa lori aitwaye Lister alirudisha lori nyuma katika kiwanja cha machinjio, akamgonga mtu aliyekuwa akifanya kazi naye. Mtu huyo alikuwa baba yake mzazi. Baba akaishtaki kampuni, akalipwa. Ndipo kampuni, kwa shauri la watu wa bima, ikamshtaki mwana arudishe fedha zile, kwa kuwa alivunja ahadi ya kuendesha kwa uangalifu. Ahadi hiyo hakuiandika mahali popote. Shauri likafika mahakama ya juu kabisa mwaka 1956, waamuzi 3 wakasema mwana alipe, 2 wakakataa. Mimi niko na wale wawili. Lakini wale watatu ndio walioshinda.

Na liko la watu wa reli wenyewe. Mwaka 1972 ndugu zetu wa reli za Uingereza waliamua kufuata kitabu cha kanuni neno kwa neno, kila kanuni, kila ukurasa, mpaka magari ya moshi yakachelewa nchi nzima. Walisema, "Twatii kanuni zenu, kosa letu li wapi?" Lord Denning na wenzake katika Mahakama ya Rufani wakasema wamevunja mkataba, maana mtu akifuata kanuni kwa kusudi la kuharibu kazi, hafanyi kazi aliyoahidi. Hukumu za Uingereza hazifungi majaji wetu, lakini mawakili huzitaja, kwa sababu sehemu ya sheria yetu imetoka huko. Wale wanaosema katika genge, "Tufanye kazi ya kitabu tu, hawatatugusa," wakumbuke jambo hili. Wamuulize Katibu kwanza.

Lakini tajiri naye anafungwa. Mwaka 1937 mahakama hiyo hiyo ya juu ilisikiliza shauri la mchimba makaa wa Scotland, aliyebanwa na mitambo ya kuvuta mabehewa alipokuwa akitoka shimoni baada ya zamu. Kampuni ilisema mambo ya usalama imemwachia meneja. Waamuzi wakasema, kazi waweza kumpa mwingine aifanye, lakini wajibu wa usalama hubaki kwako. Basi mkiambiwa, "Habari ya mlinzi wa genge ni juu ya mnyapara," mwajua la kujibu.

Nimalize na shauri lililo mbele yetu. Yuko kijana mmoja ameketi pale nyuma, hataki nimtaje. Alikuwa kibarua kwa mwenye kandarasi, si yule wangu, miezi 6 mfululizo, naye ameambiwa, "Kesho usije." Hakupewa notisi, wala likizo, wala hakuitwa aeleze kosa lake mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama, kama sheria inavyotaka mtu anapoachishwa kwa kosa. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa kwa ofisa wa kazi kabla ya miezi 3 kupita. Zake zimebaki siku 16. Jumatatu asubuhi mimi na Katibu twaenda naye. Karatasi hana. Ana ujumbe wa fedha katika simu wa majuma machache, na ana sisi. Kila aliyefanya kazi naye kwenye njia ile, aliyesikia jina lake likiitwa asubuhi, tafadhali asiondoke leo kabla hajaandikisha jina lake mezani kwa Katibu.