Ukiwa na Diploma, Omba Jibu kwa Maandishi

Mada iliyotolewa kwa vijana, Thika. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale wa Ruiru walioshindwa kufika kwa sababu ya mvua.



Kaka zangu, dada zangu, nashukuru mmekuja. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na kuna ndugu pale nyuma bado ana saruji kwa viatu. Karibu sana, songa mbele, nafasi iko.

Umuhimu wa elimu sitauongelea, huo mnausikia kila Ijumaa. Leo nataka tumwongelee mtu mmoja tu: yule aliye na diploma, au anayeitafuta, na moyoni anataka kufika chuo kikuu. Anapita wapi? Na anakwama wapi?

Mimi ni wa KCSE ya 2016. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Tulikuwa zaidi ya 570,000, waliopata C+ na kwenda juu wakawa 88,929. A za nchi nzima zilikuwa 141, yaani ungewapakia wote kwa mabasi matatu. Siku ile matokeo yalitoka, mtaani kulikuwa kimya kama kuna matanga. Tangu hapo mambo yamekuwa afadhali kidogo. KCSE ya 2024 walikuwa 962,512, na waliopata C+ na zaidi ni 246,391. Toa hesabu. Wanaobaki ni zaidi ya laki saba, kwa mwaka mmoja. Sasa hao ndio walio wengi, na bado kila harusi, kila Idd, shangazi anauliza "ulipata gredi gani?" kama vile maisha yalifungwa siku ile.

Hayakufungwa. Ukiwa na C- unaweza kuingia diploma. Ukiwa na D unaanza na cheti. Ukiwa chini ya hapo kuna kozi za ufundi wa mkono, na pia kutoka huko unapanda. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ilipitishwa 2014, na katika ngazi zake diploma ni ya sita, digrii ni ya saba. Ngazi moja tu katikati. Kwa karatasi ni hatua moja, lakini ukiingia barabarani ndipo unajua hiyo hatua ina mashimo mangapi.

Na nikisema barabara, namaanisha hii hii ya Thika. Panda matatu kutoka Kahawa uje mpaka hapa, halafu uangalie madirishani. Kenyatta University ilianza 1965 kama chuo cha kawaida, ndani ya kambi iliyokuwa ya wanajeshi wa Uingereza, ikawa chuo kikuu kamili 1985. Ukifika Ruiru kuna Zetech, iliyoanza 1999 kama chuo cha kati. Juja kuna JKUAT: ilipofunguliwa 1981 kwa msaada wa Japani, ilikuwa inatoa vyeti na diploma, na ikawa chuo kikuu 1994. Hapa mjini Mount Kenya University ilitokana na taasisi ndogo ya Thika, ikapewa hati ya chuo kikuu 2011. Hata Umma University, ambayo leo kampasi yake kuu iko Kajiado, ilianzia hapa Thika kama chuo cha sharia na masomo ya Kiislamu.

Na kule Pwani, mnajua Technical University of Mombasa? Wazee wetu waliijua kwa jina la MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyoanzishwa miaka ya mwisho ya 1940. Ikawa chuo cha ufundi, ikawa Polytechnic, na 2013 ikawa chuo kikuu. Chuo cha Waislamu cha kufundisha vijana kazi za mikono kimepanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka juu kabisa.

Kwa hivyo ukienda kwa ofisi ya usajili na diploma yako, halafu mtu akuangalie kama umeokota karatasi njiani, jua kwamba lile jengo alilokaa ndani yake pia lilianza na diploma. Sisemi umwambie hivyo. Sema pole pole kwa moyo, halafu uombe fomu.

Sisi Waislamu tena hatufai kushangazwa na hili jambo. Zamani mwanafunzi alikuwa anasoma kwa shekhe mmoja, anapewa ijaza, anaibeba mpaka mji mwingine, na shekhe wa pili anajua amesoma nini na aendelee naye kutoka wapi. Hakuna aliyemwambia arudi kwa alifu. Hivi leo tunaita kuhamisha yuniti, na watu wanafikiri ni kitu kimetoka ng'ambo.

Sasa niwape safari tatu. Majina sitaji.

Wa kwanza ni kaka wa Kiandutu. Alipata D+. Akaanza na cheti cha ufundi wa umeme, halafu diploma. Usiku alikuwa kibarua kiwandani, asubuhi yuko darasani, na saa nyingine mwalimu alimwacha alale tu manake alimjua. Mwaka wa pili wa diploma hesabu ikamwangusha. Karatasi ya matokeo ikaja imeandikwa "Referred", yaani rudia hilo somo. Kurudia si aibu, lakini kuna ada yake, na kuna tarehe ya kufunga usajili. Tarehe ilifika akiwa na nusu ya pesa. Akasubiri mtihani mwingine. Wenzake wakamaliza, yeye yuko nyumbani na somo moja. Ndugu zangu, pesa zilizomkwamisha ni kidogo kuliko bei ya simu mlizoshika hapa. Na miezi hiyo hiyo tulikuwa tunachanga msikitini kununua zulia. Zulia ni zuri, mimi mwenyewe naswali juu yake. Lakini hakuna aliyejua kwamba kijana wa safu ya tatu anahitaji ada ya mtihani, kwa sababu hatuna mahali pa kuuliza. Alhamdulillahi, saa hii yuko chuo kikuu, mwaka wa pili. Ana miaka 29 na anakaa dawati moja na watoto wa miaka 19, na ndio wanakuja kwake kuelezewa.

Wa pili ni dada wa Ruiru, na huyu ananiuma. Mama yake anauza mandazi na viazi karai Kimbo. Binti akasoma diploma ya maendeleo ya jamii kwa chuo cha kibinafsi, orofa ya juu ya duka. Miaka miwili. Akafuzu, akavaa joho, picha ziko ukutani. Akaenda chuo kikuu kuomba digrii, na swali la kwanza likawa: mtihani huu ulitahiniwa na nani? Kumbe chuo kilijitungia mtihani, kikajisahihishia, kikajichapishia cheti. Kozi yenyewe haikuwa imeidhinishwa na TVETA, ile mamlaka ya serikali inayotoa leseni kwa vyuo vya ufundi tangu sheria ya 2013. Kwa hivyo mbele ya chuo kikuu yeye alikuwa bado ni mtu wa KCSE tu. Viazi vya miaka miwili! Ameanza upya kwa chuo cha serikali, na aliniruhusu niwaambie hii habari ili msiingie.

Kwa hivyo kabla hujalipa hata shilingi, uliza mambo mawili. Chuo kina leseni ya TVETA, na je, hii kozi yangu hasa iko ndani ya leseni? Manake chuo kinaweza kuwa na leseni ya kozi tatu na kinafundisha kumi. Pili, nani anatahini: KNEC, TVET CDACC, au nani? Wakikuonyesha bango kubwa barabarani, hilo ni bango tu. Mwambie akuonyeshe barua.

Ya tatu ni yangu, na nitaipitia haraka. Nilipomaliza diploma nilipigia simu vyuo vikuu vitatu. Kimoja kikaniambia kwa simu, njoo, utaingia mwaka wa pili. Nikafurahi, nikapiga hesabu ya karo kwa miaka iliyobaki. Barua ya kuitwa ilipokuja, mwaka wa kwanza. Nikarudi kuuliza, aliyeongea na mimi kwa simu hayuko, na hakuna anayemjua. Nikaandika rufaa. Nikaambatanisha transkripti, na silabasi ya kila yuniti kutoka chuo changu. Wiki saba baadaye wakanisamehe yuniti tisa. Si zote nilizotaka, lakini tisa ni pesa na ni muda. Sasa nasoma jioni na wikendi.

Ile silabasi ndiyo iliniokoa. Wengi wanafikiri transkripti inatosha. Transkripti inasema ulisoma "Takwimu" ukapata alama hizi. Haisemi ulifundishwa nini ndani. Chuo kikuu kinalinganisha mada kwa mada. Kwa hivyo ukiwa bado mwanafunzi, kabla hujatoka, nenda kwa mkuu wa idara yako akupigie muhuri nakala ya silabasi ya kila somo. Miaka mitatu baadaye yule mkuu atakuwa amehamishwa, mtaala umebadilishwa, na wewe unazunguka korido. Na jibu lolote la chuo kikuu, unaingia mwaka gani, umesamehewa yuniti zipi, karo yote ni ngapi mpaka mwisho, liwe kwa maandishi kabla ya kulipa. Hata barua pepe inatosha. Simu haina ushahidi.

Kwa wale wanaotaka sheria, angalieni mbali zaidi. Kuna watu walipanda kutoka diploma hadi digrii ya sheria, halafu wakazuiwa kuingia Kenya School of Law kwa ajili ya gredi za KCSE. Kesi ilifika mpaka Mahakama ya Rufani, na 2022 uamuzi haukuwa upande wao. Kwa hivyo usiulize tu kama utaingia digrii, uliza pia bodi ya ile taaluma inakubali nini mwishoni.

Sasa pesa, na hapa najua minong'ono itaanza. Mwanafunzi anayepanda kutoka diploma mara nyingi anaomba moja kwa moja kwa chuo kikuu na anaingia kama wa kujilipia. Ukienda HELB, mkopo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mimi si mufti. Kuna anayeuchukua kwa dharura na moyo unamsuta, na kuna anayeukataa na anabaki nyumbani. Muulize shekhe unayemwamini, na usimhukumu mwenzako. Lakini kama raia nina swali. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe nafasi kwa taasisi au huduma kwa sababu ya imani yake. Kama mkopo wa elimu wa serikali uko kwa sura ambayo kijana mwenye kushika dini yake hawezi kuugusa, si amewekwa nje ya mlango? Hatuombi kupendelewa. Tunaomba mkopo usio na riba uwe chaguo kwenye fomu, karibu na ule mwingine. Barua iko hapo mezani, na ukikubaliana nayo weka sahihi.

Na kitambulisho. Fomu ya HELB inakitaka. Kuna ndugu zetu, hasa wenye asili ya Kisomali na Wanubi, ambao kwa miaka mingi walihojiwa mara mbili tatu pale wengine walihojiwa mara moja. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule uchunguzi wa ziada umeisha. Ukiambiwa leo hapa Thika au Ruiru ulete kitu ambacho jirani yako hakuulizwa, andika tarehe, andika ofisi, utuletee. Usigombane pale dirishani, utapoteza siku.

Ijumaa nitagusia tu. Kama darasa limewekwa saa saba, msitoroke mmoja mmoja. Andikeni barua moja ya heshima, mtie sahihi wote, mpendekeze saa nyingine. Mahali pawili nilipoona vijana wamefanya hivyo, ratiba ilisogezwa bila kelele. Na hijabu wakati wa mafunzo kazini pia ni hivyo: uliza mapema, kwa maandishi, usingoje siku ya kuripoti.

Jambo la mwisho ni la kamati zetu za misikiti, na wazee mnisamehe. Tunaomba sanduku dogo la ada za mitihani. Ufadhili wa miaka minne hatuombi. Ni ada ya mtihani tu, kwa yule ambaye dirisha linafungwa wiki ijayo. Wazee wawili wameshasema watakaa na sisi Jumanne tulizungumze.

Baada ya swala tutakuwa kwa ile meza karibu na mlango wa akina mama. Lete transkripti, lete barua ya chuo, hata kama umeikunja mfukoni imechakaa. Tutaisoma pamoja. Wa Ruiru, Jumamosi ijayo tutakuja kwenu baada ya Alasiri, inshallah, mvua inyeshe isinyeshe.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.