Kivimbe Kwenye Pafu: Picha ya CT Inaonyesha Nini?



Mtu akiambiwa ana kivimbe kwenye pafu, hufikiria saratani papo hapo. Wengine huficha majibu na hawarudi tena hospitalini. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kivimbe ni doa lisilozidi sentimita 3. Daktari hupima ukubwa wake, kisha huangalia msongamano wake. Kwenye picha ya CT, hewa huonekana nyeusi na mfupa mweupe. Kivimbe cheupe kote kama mfupa mara nyingi ni kovu la maambukizi ya zamani, kama vile kifua kikuu. Kinachofanana na ukungu kwenye kioo huenda kikawa maambukizi yatakayopona, au saratani inayokua polepole; kisipotoweka, huweza kufuatiliwa hadi miaka 5. Chenye ukungu na kiini kigumu ndani, kikidumu, hutiliwa shaka zaidi.

Picha moja haitoshi kila mara. Aliyepewa tarehe ya kurudi na arudi, hata kama hajihisi mgonjwa, na abebe picha yake ya zamani. Daktari hujua kama kivimbe kimekua kwa kulinganisha picha hizo mbili.